Ripoti za baada ya bomu: ipi inakupa jibu, ipi inakuachia lawama tu

Anayetaka kujua nani alaumiwe kwa mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya 7 Agosti 1998, kwa ndege za 11 Septemba 2001 au kwa siku nne za jengo la maduka la Westgate, Nairobi, ana njia mbili. Anaweza kuwasikiliza wanasiasa, ambao kila mmoja atamwambia kosa lilikuwa la aliyemtangulia au la aliyemrithi. Au anaweza kusoma ripoti za uchunguzi. Nyingi ziko bure kwenye intaneti, na zimelipiwa kwa kodi za watu na kwa damu ya watu. Tabu ni kwamba hazilingani. Nyingine inakufikisha mlangoni kabisa, ukamwona mlinzi akihangaika na simu ya upepo. Nyingine inakuzungusha kurasa kwa kurasa na hutoki na lolote.

Tumezipima kwa maswali matatu. Je, ripoti inataja saa na dakika? Je, inaonyesha onyo lilimfikia nani, lini, na akajibu nini? Je, inataja kifaa au utaratibu uliokosekana siku ile? Kwa swali la tatu, anza na redio. Wanasiasa hubishana kuhusu marais na vita, lakini karibu kila shambulio lililochunguzwa vizuri lina mtu aliyejua jambo na akashindwa kulifikisha kwa mwenzake aliyekuwa hatua chache tu kutoka alipo. Ripoti isiyokuonyesha mtu huyo haijafanya kazi yake.

RIPOTI YA CROWE KUHUSU NAIROBI NA DAR ES SALAAM (Januari 1999) – nyota 4 kati ya 5

Hii ndiyo ya kwanza kusomwa na mtu wa Afrika Mashariki. Iliandikwa na bodi mbili, moja kwa kila mji, zote chini ya Admirali William Crowe, na ikakabidhiwa kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Madeleine Albright, miezi mitano baada ya mabomu. Toleo la wazi ni fupi. Ni maandishi matupu yasiyo na picha, kwa hiyo hayali bando, na mtu anayesoma Kiingereza cha kawaida anaimaliza jioni moja. Toleo la siri lipo pia, lakini hilo si la umma.

Nguvu yake iko kwenye maelezo ya dakika za mwisho pale makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Ilikuwa Ijumaa, kama saa nne na nusu asubuhi. Gari la barua lilikuwa limetoka gereji ya ubalozi, na walinzi wa nyuma walikuwa ndio kwanza wamefunga geti na kushusha mti wa kizuizi. Lori likaingia kwa njia ya kutokea. Kabla halijafika kwenye kizuizi likazibwa na gari dogo lililokuwa linatoka kwenye maegesho ya chini ya benki ya jirani, na gari lile likalazimika kurudi nyuma. Magaidi wakawaamuru walinzi wafungue. Walinzi wakakataa. Mmoja wa magaidi akaanza kufyatulia jengo risasi, mwingine akarusha guruneti la kishindo. Walinzi, ambao hawakuwa na silaha, wakakimbia kujificha huku wakijaribu kumpata askari wa zamu wa ndani kwa redio ya mkononi na kwa simu. Hawakumpata. Sekunde hizo hizo, wafanyakazi waliosikia kishindo walisogea madirishani kutazama kuna nini. Wengi waliosogea waliuawa au waliumia vibaya, kwa sababu baada ya hapo ndipo bomu lenyewe lilipolipuka na vioo vikaruka.

Soma aya hizo mara mbili. Walinzi wale, wenyeji walioajiriwa kwa mkataba, walifanya lililokuwa kwenye uwezo wao: hawakufungua geti. Kama mfumo wa kutoa taarifa ungefanya kazi, na kama wafanyakazi wangekuwa wamefanya mazoezi ya kulala chini na kukaa mbali na vioo wanaposikia mlipuko mdogo, idadi ya majeneza ingepungua. Bodi inalisema jambo hilo waziwazi: mazoezi ya dharura hayakuwahi kufikiria lori la bomu, wala hapakuwa na king'ora maalumu cha kuwaambia watu wajilaze.

Kuhusu Dar es Salaam sehemu yake ni fupi lakini ina jambo moja la kukumbukwa. Lori la bomu lilifika kwenye geti la ubalozi, barabara ya Laibon, saa nne na dakika 39. Halikuingia ndani kwa sababu boza la maji la ubalozi lilikuwa limeziba njia. Lililipuka kama mita 11 kutoka ukuta wa nje wa jengo. Watu 12 waliuawa, 85 wakajeruhiwa. Huko Nairobi walikufa 213, na 44 kati yao walikuwa waajiriwa wa ubalozi: Wamarekani 12 na wenyeji 32. Tofauti kati ya miji hiyo miwili, pamoja na mambo mengine, ni boza la maji, na ni umbali kutoka barabarani hadi ukutani.

Umbali huo ndio kiini cha lawama. Baada ya milipuko ya Beirut ya 1983, jopo la Admirali Inman lilipendekeza mwaka 1985 kwamba ubalozi mpya ukae angalau futi 100, yaani kama mita 30, kutoka barabarani. Jengo la Nairobi lilikuwa kando kabisa ya barabara mbili zenye shughuli nyingi kuliko karibu zote mjini. Nairobi iliwekwa daraja la kati la hatari ya ugaidi, na Dar es Salaam daraja la chini. Daraja likiwa la chini, fedha haziji. Balozi Prudence Bushnell aliandika barua kwa waziri Aprili 1998, na mwezi uliofuata kwa naibu waziri anayeshughulikia utawala, akieleza kwamba jengo liko hatarini na linahitaji kubadilishwa. Jibu likawa kwamba kwa daraja lake Nairobi haiko juu kwenye foleni. Miezi minne baada ya barua ya kwanza, lori likafika.

Sasa kasoro, na ndizo zinazoiondolea nyota moja. Sheria iliyounda bodi za aina hii inazitaka zitazame kama kuna mtumishi aliyekiuka wajibu wake. Bodi ikasema hakuna, na badala yake ikalaumu serikali ya Marekani kwa pamoja, kwa kushindwa kwa miaka kumi kutoa fedha za kutosha. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini lawama ikigawanywa kwa miaka kumi na kwa mabunge na marais kadhaa, hakuna anayebaki nayo mkononi. Pendekezo kubwa lilikuwa dola bilioni 1.4 kila mwaka kwa miaka 10. Sheria ya futi 100 ilipitishwa mwaka huo huo wa 1999, na mwaka 2003 balozi mpya zikafunguliwa Gigiri na Msasani, zikiwa na viwanja vipana na kuta nene.

Kasoro ya pili inauma zaidi. Raia wa Kenya waliokufa wanatajwa kwa makadirio: kama 200 waliouawa, 4,000 waliojeruhiwa. Jengo la Ufundi lililoporomoka na watu ndani, abiria wa mabasi, wanafunzi na makarani wa Haile Selassie wanapita kwa sentensi chache. Mapendekezo yote yanahusu jinsi ya kulinda ubalozi, na hakuna linalouliza jirani wa ubalozi atalindwa na nani. Hilo si jambo la uandishi tu. Sudan ilipokubali kulipa dola milioni 335 miaka ya karibuni, fedha zilikwenda kwa Wamarekani na kwa waliokuwa waajiriwa au makandarasi wa ubalozi. Mkenya aliyekuwa anapita barabarani tu hakuwamo. Wanaoendelea kubisha milango ya Bunge na Seneti Nairobi kudai fidia wanadai kile ambacho ripoti hii haikuwahi kukiweka kwenye hesabu.

RIPOTI YA TUME YA 9/11 (Julai 2004) – nyota 4 na nusu

Hii ndiyo kubwa kuliko zote kwa umaarufu. Ilitolewa 22 Julai 2004. Faili ni ya bure, na toleo la karatasi liliuzwa dola 10 lilipotoka. Ina sura 13. Maandishi yenyewe yanaishia karibu na ukurasa wa 430, kisha zinafuata kurasa zaidi ya 100 za tanbihi kwa herufi ndogo sana. Ukiisoma kwenye simu, tanbihi zitakuchosha macho. Tumia kompyuta, au geuza simu ilale.

Ushauri wa kwanza wa matumizi: ukitafuta jina kwenye faili, usiandike "Bin Laden". Tume imeandika "Bin Ladin" na "Usama" kila mahali, na tafuta ya kawaida itakurudisha mikono mitupu, udhani hatajwi.

Ushauri wa pili: usianzie sura ya 1. Ni ya kusisimua, inafuata ndege nne dakika kwa dakika, lakini haijibu swali la lawama. Anza sura ya 2, sehemu yake ya mwisho, ambako Afrika Mashariki inaingia. Humo utaona kikundi cha al Qaeda kikianza kupeleleza Nairobi Desemba 1993, kikisafisha picha zake kwenye maabara ya kuungaunga ndani ya nyumba ya kupanga mjini humo humo. Picha hizo zilipelekwa Khartoum, na Bin Ladin akaziangalia mwanzoni mwa 1994. Miaka minne na nusu ilipita kati ya picha na lori. Kisha nenda sura ya 4, halafu ya 6, ya 8, na umalizie na ya 9.

Sura ya 4 ndiyo moyo wa jambo hili. Tarehe 20 Agosti 1998, siku 13 baada ya mabomu yetu, Rais Bill Clinton aliamuru makombora yapige kambi karibu na Khost, Afghanistan, na kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum. Bin Ladin alinusurika. Siku tatu kabla ya hapo Clinton alikuwa ametoa ushahidi mbele ya jopo la mahakama kuhusu kashfa ya Monica Lewinsky, na wapinzani wake wakasema anapiga makombora ili watu wasahau kashfa. Tume ilichunguza na haikuona ushahidi kwamba kashfa ndiyo iliyomsukuma. Ila inaongeza jambo ambalo halikusikika sana kwenye majukwaa: kushindwa kwa shambulio lile, shutuma zile, uhasama wa vyama wa wakati ule na udhaifu wa ushahidi kuhusu al-Shifa, vyote kwa pamoja huenda viliathiri maamuzi yaliyofuata ya kutumia nguvu dhidi ya Bin Ladin. Mshauri wa usalama wa Clinton, Sandy Berger, aliiambia tume kwamba hakujiona amebanwa. Msomaji apime mwenyewe. Sura inaendelea kuonyesha nafasi zilizopita: Kandahar Desemba 1998, kambi ya kuwinda kwa kipanga Februari 1999 ambako walikuwapo maafisa kutoka Falme za Kiarabu, na Kandahar tena Mei 1999. Kila mara sababu ilikuwapo: taarifa za chanzo kimoja, hofu ya kuua wasiohusika, hofu ya kukosa tena na kuchekwa.

Kwa upande wa George W. Bush, sura ya 6 na ya 8 hazimpi nafasi ya kujificha. Richard Clarke, mratibu wa mapambano dhidi ya ugaidi, aliandika 25 Januari 2001 akiomba haraka kikao cha mawaziri kuhusu al Qaeda. Kikao hicho kilikaa 4 Septemba 2001. Taarifa ya kijasusi ya kila siku kwa rais ya 6 Agosti 2001, iliyobeba kichwa cha kusema kwamba Bin Ladin amedhamiria kupiga ndani ya Marekani, imechapwa humo neno kwa neno. Na meli ya kivita ya USS Cole ililipuliwa Aden 12 Oktoba 2000, mabaharia 17 wakafa, na si Clinton katika miezi yake ya mwisho wala Bush katika miezi yake ya kwanza aliyejibu kwa silaha. Kwa hiyo Clinton aliposema kwenye televisheni Septemba 2006 kwamba yeye alijaribu akashindwa na wenzake hawakujaribu kwa miezi minane, na Condoleezza Rice, waziri wa mambo ya nje wa Bush, akajibu kwa ukali, mwenye ripoti hii mezani hakuhitaji kumwamini yeyote. Tarehe zote zimo.

Mpangilio wa tume unaeleza uzuri wake na udhaifu wake. Wajumbe walikuwa 10, watano wa kila chama, chini ya Thomas Kean wa Republican na Lee Hamilton wa Democrat. Walikubaliana wote, hakuna maoni ya wachache. Ili wakubaliane, walitangaza tangu utangulizi kwamba lengo lao si kumlaumu mtu mmoja mmoja. Wakalaumu mambo manne: ubunifu wa fikra, sera, uwezo na usimamizi. Maneno hayo ni mapana mno. Kila afisa anaweza kupita chini yake bila kuinama. Ndiyo maana ombi la msamaha la Clarke mbele ya tume, 24 Machi 2004, akiziambia familia kwamba serikali yao iliwaangusha na yeye pia aliwaangusha, lilipokelewa kwa uzito kuliko ukurasa wowote wa ripoti.

Lakini tume ilipotaka kusema kwa ukali, iliweka ukali huo kwenye tanbihi. Mwanasheria Mkuu John Ashcroft alitoa ushahidi Aprili 2004 akidai kwamba ukuta uliozuia wapelelezi kupeana habari ulijengwa na waraka wa 1995 wa Jamie Gorelick, aliyekuwa naibu mwanasheria mkuu chini ya Clinton na ambaye siku hiyo alikuwa amekaa upande wa pili wa meza kama mjumbe wa tume. Ilikuwa habari kubwa kwa wiki nzima. Jibu la tume liko kwenye tanbihi za sura ya 8, kwa herufi ndogo: kwamba ushahidi huo haukueleza kwa haki wala kwa usahihi maana ya nyaraka za 1995. Asiyesoma tanbihi anabaki na tuhuma bila jibu.

Sasa redio. Sura ya 9 ina sentensi zinazostahili kubandikwa kwenye kila chumba cha udhibiti. Baada ya bomu la 1993 pale World Trade Center, New York, minara ile miwili ilifungwa mtambo wa kukuza mawimbi ili redio za zimamoto zifike ghorofa za juu. Asubuhi ya 11 Septemba, saa mbili na dakika 54, kitufe kimoja cha mtambo huo kilibonyezwa. Ili kifaa kikuu cha mkononi kirushe sauti, kilihitajika kitufe cha pili. Hakikubonyezwa asubuhi yote. Makamanda kwenye mnara wa kaskazini walijaribu, hawakusikia kitu, wakaamini mtambo mbovu, wakauacha. Mnara wa kusini ulipoanguka saa tatu na dakika 59, amri ya kutoka ikatolewa kwenye mnara wa kaskazini, na wengine hawakuisikia. Helikopta za polisi ziliona kutoka juu hali ya mnara uliobaki, lakini polisi walikuwa kwenye masafa yao na zimamoto kwenye yao. Mnara wa kaskazini ulianguka saa nne na dakika 28. Wazimamoto 343 walikufa siku hiyo.

Nusu nyota iliyopungua ni kwa ajili ya kuwaficha watu nyuma ya maneno mapana.

RIPOTI YA KAMATI YA BUNGE KUHUSU WESTGATE – nyota 1 na nusu

Jumamosi 21 Septemba 2013 washambuliaji waliingia Westgate, Nairobi. Watu 67 waliuawa. Serikali ilizungumzia washambuliaji 10 hadi 15, baadaye ikabaki na wanne. Kikosi cha Recce, makomando wa polisi, kiliingia alasiri na kuanza kuwasukuma, kisha jeshi likaingia bila amri moja ya kuunganisha vikosi, na kamanda wa Recce akafa kwa risasi za upande wake mwenyewe. Polisi wakatoka. Siku zilizofuata zilikuwa za moshi, sehemu ya jengo kuporomoka, na maduka kukutwa yameporwa.

Tarehe 1 Oktoba 2013 Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi. Haikuundwa. Kilichopatikana ni ripoti ya kamati ya pamoja ya Bunge, ya usalama wa ndani na ya ulinzi, na Machi 2014 wabunge wenyewe waliikataa wakisema haina kina. Ukiisoma utawaelewa. Inasema onyo lilikuwapo, inalaumu rushwa ya uhamiaji na mipaka, inapendekeza kambi za wakimbizi zifungwe. Lakini mtu anayetaka kujua nani aliamuru nini saa ngapi, nani aliwatoa Recce, vikosi viwili viliongea kwa redio ipi na kama viliongea kabisa, hapati. Funika kombe mwanaharamu apite. Pengo likajazwa na wageni: Desemba 2013 polisi wa New York walitoa tathmini yao, wakasema washambuliaji walikuwa wanne wenye bunduki nyepesi na huenda walitoka wakiwa hai. Ni aibu kwamba Mkenya aliyezika mtoto wake alisoma maelezo ya kueleweka zaidi kutoka mji ulio ng'ambo ya bahari.

Nyota moja na nusu ni kwa sababu imeandikwa, na kwa sababu inakiri kwamba taarifa za kijasusi zilifika kabla.

Madhara ya kukosa ripoti yakaonekana Juni 2014. Mpeketoni, Lamu, zaidi ya watu 60 waliuawa. Al-Shabaab wakasema ni wao. Rais akasema kwenye televisheni ni mitandao ya siasa za eneo hilo, na upinzani ukakataa vikali. Wakazi wakabaki katikati. Mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilichunguza angalau upande wa polisi na kukuta mkanganyiko wa uongozi na mwitikio wa kuchelewa. Ni waraka mdogo lakini una manufaa kuliko hotuba zote za mwezi ule. Desemba mwaka huo, baada ya mauaji ya Mandera, Waziri Joseph ole Lenku aliondolewa na Inspekta Jenerali David Kimaiyo akaacha kazi. Miezi minne baadaye, 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na kikosi cha Recce kilichelewa kufika kwa saa nyingi, kikisubiri usafiri kutoka Nairobi. Nyuso mpya zilikuta utaratibu ule ule, kwa sababu hakuna waraka uliowaonyesha wapi pamevunjika.

UCHUNGUZI WA MANCHESTER ARENA (2021–2023) – nyota 5

Hii tumeiweka kama kipimo. Bomu lililipuka kwenye ukumbi wa tamasha wa Manchester, Uingereza, 22 Mei 2017, saa nne na dakika 31 usiku, watu 22 wakafa. Jaji mstaafu Sir John Saunders aliandika juzuu tatu: ulinzi wa ukumbi (Juni 2021), uokoaji (Novemba 2022), na ujasusi (Machi 2023). Kama muda ni mfupi, chukua juzuu ya pili. Inakwenda dakika kwa dakika, inataja afisa kwa cheo na jina, na inasema nani alikosea na kosa lilisababisha nini. Katika dakika 40 za kwanza alikuwapo mhudumu mmoja tu wa ambulensi kwenye ukumbi wa mlipuko. Zimamoto walichukua zaidi ya saa mbili kufika. Juzuu hiyo moja ina mapendekezo 149, na juzuu ya tatu inasema bila kuzunguka kwamba idara ya ujasusi wa ndani ilipoteza nafasi ya maana ya kuchukua hatua.

Na kwenye juzuu ya kwanza utakutana tena na redio. Mwananchi alimtilia shaka mshambuliaji na begi lake, akasema. Kijana wa ulinzi mwenye umri wa miaka 18 alisema alijaribu kupeleka taarifa kwenye chumba cha udhibiti kwa redio, akashindwa kupenya kwa kuwa mawimbi yalikuwa yamejaa, na pia aliogopa kuonekana mbaguzi. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu walinzi wa Haile Selassie waite bila kujibiwa.

Kuna aina moja ya kukwepa: ripoti zilizoandikwa ili zimpige mgombea wa uchaguzi. Shambulio la Benghazi, Libya, la 11 Septemba 2012 liliua Wamarekani wanne, akiwamo balozi. Bodi ya kawaida, kwa sheria ile ile iliyomwongoza Crowe, ilimaliza kazi Desemba mwaka huo na kutaja wazi upungufu wa ulinzi. Baada yake kamati za Bunge la Marekani zikafuatana, na ya mwisho ilitumia miaka miwili na kama dola milioni 7 ikatoa kurasa karibu 800 Juni 2016, katikati ya kampeni ya urais ya Hillary Clinton, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje siku ya shambulio. Kwa anayetaka kujifunza ulinzi wa jengo, ile ya kwanza inatosha.

Kwa mwalimu, mwanahabari au mjumbe wa kamati ya usalama ya kaunti au wilaya mwenye wikendi moja tu: Jumamosi soma Crowe yote, na alama ya kalamu iwe kwenye kila saa iliyotajwa. Jumapili soma sura ya 4 na ya 9 za Tume ya 9/11, pamoja na tanbihi za sura ya 8. Kisha fungua ile ya Westgate na utumie kalamu ile ile. Hesabu alama. Halafu andika pembeni maswali yasiyojibiwa, ukianza na hili: siku ile, polisi na jeshi walikuwa kwenye masafa gani ya redio? Mpelekee mbunge wako kwa maandishi, uweke tarehe, na ubaki na nakala.